Baiskeli Yangu ya Kila Siku Haihesabiwi?



*Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma. Huu ni mwaka wa tano naishi Oulu, kaskazini mwa Finland, pamoja na mume wangu na watoto. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita sita, nami huenda kwa baiskeli siku tano kwa wiki, kiangazi na wakati wa theluji. Njia ikiwa na theluji natumia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi.*

*Mwezi uliopita muuguzi wa afya kazini alinipima presha akakuta 146 kwa 92. Akaniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamjibu hapana, kwa sababu sijawahi kuingia jimu na michezo ya theluji siijui. Tangu siku hiyo sina raha. Wenzangu kila Jumamosi wanaingia msituni na skii zao, nao wananiambia kuwa huku bila skii mtu hawezi kuuvuka msimu wa baridi akiwa mzima. Nilijaribu mara moja. Nilianguka nikashindwa kuinuka, na mwanangu wa miaka kumi, aliyeshafundishwa shuleni, akageuza uso. Usiku akaniomba nisiende kwenye siku ya skii ya shule yao.*

*Mume wangu anataka tuchukue akiba ya safari ya nyumbani tununue skii za familia nzima, mimi nilipiwe jimu, kisha baiskeli niiache nipande basi. Anasema baiskeli ni ya watu wenye shida. Nikiwa zamu ya jioni narudi saa nne usiku, namkuta amesimama dirishani, na maneno yake ya kunipokea ni makali. Mama naye ananiuliza kwenye simu: "Umevuka bahari, bado unakanyaga baiskeli kama wachukuzi wa mawese?"*

*Shangazi, niambie ukweli. Je, niache baiskeli nijifunze skii? Na hii presha nitaishushaje?*

*Mama wa Wawili, Oulu*

Barua yako nimeisoma yote, pamoja na sehemu nilizozipunguza hapa ili usitambulike. Nitakujibu kwa mpango, maana umeniuliza jambo moja lakini ndani yake kuna manne: mwili wako, mumeo, mwanao na mama yako.

Naanza na mwili. Ulipomjibu muuguzi kwamba hufanyi mazoezi, ulimpa habari isiyo sahihi. Wakati mwingine ukienda, mwambie hivi: "Naendesha baiskeli hadi saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, mwaka mzima." Ataandika jambo jingine kabisa kwenye faili lako, na ushauri wake utabadilika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Piga hesabu yako. Dakika 60 mara siku tano ni 300. Wakati wa theluji unafika kwenye kilele cha kiwango hicho bila kulipa kiingilio popote. Kiangazi, njia ikiwa kavu na ukifika mapema zaidi, bado unabaki ndani ya kiwango. Mwongozo huo hausemi popote kwamba dakika zinahesabiwa tu ukiwa umevaa nguo za michezo. Safari ya kwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli imetajwa humo waziwazi kuwa ni sehemu ya mazoezi ya mwili.

Kama unataka kujua iwapo mwendo wako una nguvu ya kutosha, kipimo ni rahisi. Ukiwa juu ya baiskeli, jaribu kuzungumza. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hiyo ndiyo nguvu ya wastani. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, umeingia kwenye mazoezi makali. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo kidogo.

Usichukulie haya kuwa maneno ya kukufariji. Mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi watu wapatao 30,000. Walikuta kwamba wale waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyopungua kwa karibu asilimia 28 ikilinganishwa na wasioendesha, na tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuhesabu michezo waliyofanya wakati wa mapumziko. Soma hapo tena, mwanangu. Kulikuwa na watu wenye michezo yao ya jioni na Jumamosi, na bado baiskeli ya kazini ilionekana kuongeza kitu chake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu 260,000 wa Uingereza. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyo chini kwa asilimia 41. Ni kweli kwamba uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kuwa baiskeli peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, kwa kuwa mwenye afya nzuri huenda ndiye anayechagua kuendesha. Lakini watafiti walizingatia umri, uvutaji sigara, chakula na mengine, na tofauti haikufutika.

Sasa tuziangalie skii kwa haki, kwa sababu wenzako hawakudanganyi. Watu wa Oulu wana sababu ya kuzipenda. Mashindano yao ya masafa marefu, Tervahiihto, yalianza mwaka 1889. Kwao skii ni urithi wa babu na bibi, na mtoto huvalishwa akiwa bado mdogo sana. Tena ile aina wanayoifanya msituni, ya kusukuma kwa miguu na fimbo mbili kwenye njia iliyochongwa, ni miongoni mwa mazoezi bora kabisa ya moyo na mapafu. Miguu inafanya kazi, mikono inafanya kazi, mgongo na tumbo vinafanya kazi, na magoti hayapigwi kama katika kukimbia. Kwa mwendo wa wastani, mwili hutumia nguvu takriban mara tisa ya inayotumika ukiwa umekaa kimya. Baiskeli ya kwenda kazini hutumia mara sita hivi, pengine karibu saba. Kwa hiyo saa moja kwa saa moja, skii za msituni zinaishinda baiskeli yako.

Ile aina nyingine, ya kupandishwa mlimani kwa lifti na kuteremka kwa kasi, ni habari tofauti. Kuteremka kwa mwendo wa wastani hutumia nguvu kama mara tano ya kukaa, na hapo hatujahesabu muda wa foleni wala wa kukaa kwenye lifti. Ni mchezo wa ustadi na wa raha, una gharama zake, na wengi huumizwa magoti. Mtu akikuambia ndiyo dawa ya presha, usimfuate.

Lakini afya haijengwi kwa kulinganisha saa moja na saa moja. Inajengwa kwa wiki, kwa miezi, kwa miaka. Mwenzako akiingia msituni kila Jumamosi kwa saa mbili, mara tisa kwa mbili ni kumi na nane. Wewe ukiendesha saa tano kwa wiki, mara sita kwa tano ni thelathini. Umempita kwa mbali, na huenda wala hajui, kwa sababu yeye hurudi nyumbani akisema ametoka mazoezini na wewe hurudi ukisema umetoka kazini. Zaidi ya hapo, theluji ya kutosha kwa skii mjini kwenu inapatikana kwa miezi michache tu, toka Desemba hivi hadi Aprili, mwaka ukiwa mzuri. Baiskeli yako inafanya kazi Julai sawa na Januari.

Hilo ndilo neno langu kuu kwako: zoezi bora kwa mtu anayefanya kazi na kulea watoto ni lile ambalo tayari liko ndani ya siku yake. Halingoji hali ya hewa, halingoji akiba, halingoji mume akae na watoto. Ukipanda basi ili ukalipie jimu, utakuwa umeondoa saa tano za uhakika na kuweka mahali pake saa ambazo bado ni ahadi. Mtu wa zamu kama wewe, anayetoka kazini saa tatu na nusu usiku, jimu ataiona mara ngapi kwa wiki?

Hata hivyo, baiskeli haikamilishi kila kitu, na sitakuficha. Inajenga mapaja na moyo, lakini mikono na mgongo haivipi kazi ya kutosha. Na kwa kuwa uzito wako unabebwa na siti, mifupa haipati mzigo inaouhitaji ili ibaki imara. Mwongozo ule ule wa mwaka 2020 unaagiza mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, juu ya zile dakika. Hayo unaweza kuyafanya sebuleni. Kaa kitini na usimame bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume kama anayepiga pushapu, mara kumi, pumzika, rudia. Jiinue kwa vidole vya miguu, shusha visigino taratibu. Kwenye jengo lenu panda ngazi badala ya lifti. Dakika 20 zinatosha kwa siku. Wewe unainua na kugeuza wazee kitandani. Mgongo wenye nguvu utakulinda kazini kuliko hata utakavyokulinda kwenye presha.

Tuje kwenye presha yenyewe. 146 kwa 92 ni juu, haifai kupuuzwa, lakini kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu kuwa ana ugonjwa. Uliza kuhusu kupima nyumbani. Kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono umelala mezani usawa wa moyo, ndipo upime. Pima asubuhi na jioni kwa siku kadhaa mfululizo, andika namba zote, upeleke kwa muuguzi. Usipime ukiwa umeingia sasa hivi kutoka kwenye baridi, kwa sababu baridi hubana mishipa na kupandisha namba. Mazoezi ya kawaida ya moyo, kwa mtu mwenye presha ya juu, hushusha namba ile ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi. Hiyo ni faida kubwa, lakini hutaipata mara mbili. Wewe tayari unaendesha, kwa hiyo sehemu ya faida hiyo imo mwilini mwako, na bado namba zimepanda. Maana yake tutafute kwingine.

Nianze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, chini ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile iliyomo ndani ya mkate, soseji, jibini na vile vipande vya kukoleza mchuzi. Pili, usingizi. Zamu za jioni zikifuatwa na alfajiri za kuwaandaa watoto humla mtu polepole. Tatu, majonzi. Umeandika kwamba huna raha tangu mwezi uliopita. Mwambie muuguzi na hilo pia. Nne, damu ya familia. Kama baba au mama yako ana presha, sema. Na daktari akiona unahitaji dawa, meza dawa na uendelee kuendesha. Vitu hivyo havipingani. Lakini ukiwa njiani ukabanwa na kifua, ukaona kizunguzungu, au ukakosa pumzi kuliko kawaida, simama hapo hapo uombe msaada. Usijikaze ufike.

Sasa mumeo. Mwanangu, umeandika mambo mawili kumhusu: kwamba anaiita baiskeli ya watu wenye shida, na kwamba halali mpaka urudi, anasimama dirishani. Mimi naliamini lile la pili kuliko la kwanza. Mwanamume anayeona aibu kwa majirani hujificha ndani. Anayesimama dirishani saa nne usiku anaogopa. Huko kwenu mwezi wa Desemba jua linachomoza saa nne na nusu asubuhi na kuzama saa nane mchana. Anakujua wewe ni mtoto wa Kasulu, hukuzaliwa kwenye barafu. Hofu yake imekosa maneno mengine, ikachukua ya ukali.

Usimshinde kwa hoja za watafiti. Mpunguzie hofu. Mwonyeshe matairi ya njumu, yale yenye vichwa vidogo vya chuma vinavyouma barafu, mkayanunue pamoja. Fedha zikiwa chache, anzeni na la mbele, kwa sababu tairi la mbele likiteleza hakuna anayebaki juu. La nyuma likiteleza mara nyingi mtu hujirudisha. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, zote mbili zikiwaka gizani, hiyo hata sheria ya Finland inataka. Vaa kizibao chenye kung'aa na kofia ngumu, na chini yake kofia nyembamba inayofunika masikio. Breki ya mguu, ile ya kukanyaga kinyume, haigandi kirahisi kama ya waya. Kama baiskeli yako ijayo itakuwa nayo, afadhali. Baiskeli uiache mahali pa baridi lakini pakavu. Ukiiingiza ndani kwenye joto theluji ikayeyuka, kisha ukaitoa nje, maji yale yataganda ndani ya waya na cheni.

Mfundishe pia kitu ambacho wewe umeshakijua kwa kuendesha lakini yeye hajakijua: siku za kuogopwa siyo zile za baridi kali. Theluji iliyoshindiliwa kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri inashika tairi vizuri. Hatari ni siku zinazocheza karibu na sifuri, mchana ikayeyuka, usiku ikaganda kuwa kioo. Siku hizo panda basi, au shuka ukokote baiskeli kwenye kona na miteremko. Mwenda pole hajikwai. Ukimaliza zamu mtumie ujumbe, "natoka sasa," naye atajua saa ya kukutarajia. Muahidi na hilo la basi, na ulitimize. Mkewe akiwa na njumu, taa, na neno la kutimiza, yale maneno makali yatapungua yenyewe.

Na kuna jambo la ngozi yetu ambalo wenzako huenda wasikuambie, kwa sababu haliwagusi. Uchunguzi uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani na wa Uingereza umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika huumizwa na baridi kwenye vidole vya mikono na miguu zaidi kuliko wenzao weupe. Mishipa ya vidole hubana kwa nguvu na huchelewa kufunguka. Huo siyo udhaifu wa moyo, ni namna mwili ulivyo, kwa hiyo usione haya kuvaa zaidi ya wenzako. Vaa glavu za kufunika vidole vinne pamoja na dole gumba peke yake, maana vidole vikikaa pamoja hupeana joto. Viatu visikubane, acha nafasi ya soksi za sufu. Mafuta ya kujipaka usoni usiyategemee kama kinga, tumia kitambaa. Kidole kikifa ganzi, ingia ndani ukipashe joto taratibu, wala usikisugue kwa theluji.

Kuhusu mapafu, hewa kavu ya baridi kali huwasumbua hata mabingwa. Funika mdomo na pua kwa skafu ili hewa ipate joto kidogo kabla haijaingia, na dakika kumi za mwanzo nenda taratibu, mishipa na moyo vizoee. Shirikisho la kimataifa la skii lina kanuni kwamba mashindano ya masafa hayafanyiki pale baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama mabingwa wanasubiri, na wewe subiri. Siku kama hiyo basi halikupunguzii heshima.

Nimefika kwa mwanao. Hapa nataka ujifunze skii, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Usijifunze kwa ajili ya presha, wala ili wenzako wakuone umekuwa mtu wa huko. Jifunze kwa sababu mwanao anakulia katika nchi ambayo msitu wenye theluji ni sehemu ya utoto, na ni vizuri mama yake akanyage huko. Mtoto wa miaka kumi aliyegeuza uso hakukukataa. Anapigania nafasi yake kati ya watoto wenzake, na mama aliyelala chini kwenye theluji alimtia hofu ya kuchekwa. Siku ya skii ya shule mwachie mwaka huu, mwambie, "Sawa mwanangu, nimekusikia." Kisha mwombe akufundishe mahali pasipo na watu, jioni, kwenye njia yenye taa. Mwambie aanze na namna ya kuanguka na kuinuka: lala ubavu, panga skii zote mbili upande mmoja, piga goti, ndipo usimame. Ulishindwa kuinuka kwa sababu hakuna aliyekuonyesha, basi. Mtoto akipewa kazi ya ualimu, aibu humtoka haraka sana.

Mjue pia kwamba mtu mzima wa kwetu aliwahi kuanza upya kama wewe. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati, akapelekwa Finland kujifunza skii akiwa mtu mzima. Februari 1998 huko Nagano, Japani, alishiriki mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi, akawa mtu wa mwisho, wa 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki kwenye mstari wa mwisho akimsubiri, akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani na mtoto wake akampa jina la Dæhlie. Alishiriki tena Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Bingwa mkubwa kuliko wote wa zama zile hakuona aibu kusimama karibu na aliyekuwa wa mwisho. Mhadithie mwanao habari hiyo wakati mnakula.

Wala usiguse akiba ya safari ya nyumbani kwa ajili hiyo. Kukodi kupo, kununua vya mitumba kupo, na maktaba nyingi za Finland huazimisha vifaa vya michezo pamoja na vitabu. Njia za skii za manispaa kwa kawaida hazilipiwi. Anzeni hivyo msimu mmoja. Mkipenda, nunueni taratibu. Msipopenda, hamjapoteza kitu, na watoto watamwona bibi yao.

Na huyo bibi, mama yako, mheshimu na mweleze. Yeye anasema anachokijua. Kwetu baiskeli imebeba madumu ya mawese, mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, wagonjwa na mabibi harusi. Aliyefanikiwa alitoka kwenye baiskeli akapanda pikipiki, kisha gari, na kila mzazi alitaka mwanawe afuate ngazi hiyo. Anapokuuliza bado unakanyaga, anauliza kama umefanikiwa. Kwa hiyo mjibu swali lake. Mwambie kwamba mji wako una zaidi ya kilomita 800 za njia za baiskeli na za miguu, na kwamba njia kuu husafishwa theluji mapema ili watu wawahi kazini. Mwambie kwamba mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanaoendesha baiskeli wakati wa baridi ulifanyika hapo hapo Oulu, watu wa nchi nyingine wakaja kujifunza. Mwambie walimu huendesha, na watoto wa shule huendesha. Mtumie picha ya maegesho ya shule ya wajukuu zake yakiwa yamejaa baiskeli juu ya theluji. Kisha mwambie una kazi, watoto wanasoma, na afya unaitunza. Hilo ndilo alilotaka kulisikia.

Tena wale wachukuzi wa mawese aliowataja wanapandisha milima ya Kigoma na mzigo mzito kuliko mwili wa mtu. Nguvu zao ni za kuheshimiwa, na mwanamke anayefananishwa nao hajatukanwa.

Basi uamuzi wangu ni huu. Baiskeli usiiache. Wiki hii nunua njumu na mumeo, na usafiri kwa basi siku za barafu ya kioo na siku za baridi kupita nyuzi 20. Fanya mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki sebuleni. Punguza chumvi, pima presha nyumbani, upeleke namba kwa muuguzi mwezi huu bila kukosa, na dawa ukipewa uimeze. Skii azima, ufundishwe na mwanao, ufurahi naye. Na ukiulizwa tena kama unafanya mazoezi, mwanangu, jibu ndiyo.

Wako,
Shangazi